Gari Haliuzwi

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, alikuja kwetu kutoka Wamunyu Jumapili moja baada ya ibada, akakaa kwenye kiti cha karibu na dirisha, akanywa chai mpaka ikaisha, kisha akasema, "Hiyo gari iuzwe."

Hakuniambia mimi. Alimwambia mume wangu, nami nikiwa nimeketi hapo hapo, mkono wangu wa kushoto nimeulaza juu ya mto.

"Mgonjwa haendeshi gari," akaendelea. "Siku moja atajiua, ama aue mtoto wa wenyewe. Iuzwe, halafu yeye akae apumzike. Hata anaweza kuja kwangu. Kule kuna hewa, na bibi yangu atamwangalia."

Nampenda shemeji yangu. Ni mchongaji, na mikono yake ni migumu kama mbao anazozichonga, lakini nilipolazwa mara ya kwanza alikuja akasimama kando ya kitanda akalia mbele ya wodi nzima bila kujificha. Kwa hiyo nilijua hakuwa na ubaya. Hata hivyo neno lile la "apumzike" lilinichoma. Tangu figo zangu zilipogoma, kila mtu alikuwa akiniambia nipumzike. Mwanzoni niliitikia. Baadaye nikang'amua kwamba hawakuwa wakiniuliza kama nimechoka. Walikuwa wakinionyesha mahali pa kukaa nikingoja kufa.

"Shemeji," nikasema, "gari ni yangu. Haiuzwi."

Mume wangu alikuwa akivitazama vidole vyake. Kabla sijasema alijibu nini, afadhali nieleze tulifikaje hapo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na tunaishi Mumbuni, mtaa wa mji wa Machakos. Figo zangu ziliharibiwa na presha niliyoibeba kwa miaka nikidhani ni uchovu wa kazi. Siku hizi Jumanne na Ijumaa nafundisha mpaka mapumziko ya saa nne, kisha nashuka mjini, hospitalini, ambako nalala kando ya mashine inayoitoa damu yangu, kuisafisha na kunirudishia. Ili mashine ipate pa kuingilia, madaktari waliunganisha mishipa miwili kwenye mkono wa kushoto. Ukiweka kidole hapo, unasikia damu ikinguruma kama nzi aliyefungiwa kwenye kopo. Mkono huo haubebi mzigo, haufungwi kipimo cha presha, wala haulaliwi.

Gari lilikuwa langu kabla ya ugonjwa. Ni stesheni wagoni nyeupe, kuukuu, ya gia za mkono, na ni kwa mkono huo huo wa kushoto kwamba nabadilisha gia. Kila asubuhi, kabla sijavaa nguo za kazi, natoka nje na leso kiunoni, nafungua boneti. Navuta kijiti cha oili, nakipangusa, nakirudisha, nakivuta tena. Natazama maji ya redieta, maji ya betri, na upepo wa magurudumu. Kazi ya kuinua gurudumu namwachia mume wangu. Yeye hubeba, mimi huelekeza.

Wakati huo huo jikoni binti yetu, ambaye yuko gredi ya nane, huwa ananichemshia mboga. Zangu huchemshwa, maji yakamwagwa, zikachemshwa tena, ndipo zikakaangwa, kwa sababu kuna madini ndani yake ambayo figo nzima huyatoa na zangu haziwezi. Muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, ulionikuza nyumbani Kivaa, sasa nauonja tu kwa kijiko. Ndizi na parachichi nazitazama zikiliwa na wengine. Na maji napimiwa kwa kikombe, siku nzima.

Kiangazi kimoja redieta ilianza kuvuja. Ikawa kila asubuhi nasimama pale nikiimiminia jagi zima la maji baridi, nami ulimi umekauka kama kigae. Siku moja nililitukana lile gari kwa Kikamba, matusi ya wachunga ng'ombe. Binti yangu alikuwa mlangoni.

"Mama! Unaionea gari wivu?"

"Naionea," nikasema. "Inakunywa kama harusini."

Alicheka mpaka akakaa chini, nami nikacheka naye, kisha nikafunga boneti nikaenda kufundisha.

Watu huniuliza kwa nini nisipande boda tu. Nilipanda. Nikitoka hospitalini, barabara yetu ya murram, isiyo na lami, ikatutikisa mpaka bandeji ikalegea, na nilipofika langoni damu ilikuwa imeshuka hadi kwenye sketi. Yule mwendeshaji alitetemeka kuliko mimi. Zaidi ya hayo, gari ndilo linalompeleka binti shule, ndilo linalobeba vitambaa vya mume wangu hadi dukani, na ndilo linalomleta mama yangu kutoka Kivaa macho yake yakihitaji daktari. Fundi wa gereji aliponiambia, "Madam, hii gari ni kama wewe, imechoka, ipumzishe," nilimjibu, "Mimi damu yangu inatolewa nje na kurudishwa kila wiki na bado nimekuja hapa kwa miguu yangu. Kama mimi sijapumzika, gari nayo itapumzikia nini? Shika spana." Akashika spana.

Sasa mume wangu. Ni fundi cherehani, hushona sare za shule kwenye duka dogo karibu na soko, na tepu ya kupimia huning'inia shingoni mwake hata kanisani. Ni mtu mpole. Akiwa kijana alipanda nyuma ya pikapu iliyobeba maembe, nayo ikabingirika kwenye kona. Yeye alitolewa chini ya maembe akiwa hai. Dereva hakutoka. Tangu siku hiyo hakuwa ameshika usukani, na akipanda gari langu alikaa kiti cha nyuma, nyuma yangu kabisa, macho ameyainamisha. Nusu ya mji ilidhani yeye ni mheshimiwa na mimi ni dereva wake.

Ijumaa iliyomleta shemeji ilikuwa hivi. Nilitoka kwenye mashine nikiwa mwepesi kupita kiasi. Sista alinipima, akasema presha iko chini, nikae kidogo. Nilikaa kidogo. Kisha nikafikiria madaftari ya watoto ambayo sijasahihisha, na chakula, na binti aliye peke yake nyumbani, nikaondoka. Nilipopita soko, barabara ikaanza kupanda na kushuka kama kitambaa kinachopigwa na upepo. Nikawasha taa za hatari, nikatoka pembeni, nikavuta breki ya mkono, nikaegemeza kichwa kwenye usukani.

Jirani mmoja alinikuta hapo. Akampigia mume wangu simu. Mume wangu, kwa hofu, akampigia kaka yake. Habari ilipofika Wamunyu, ilikuwa ikisema kwamba nimezirai nikiendesha na gari limeingia mtaroni.

"Haikuwa hivyo," nilimwambia shemeji Jumapili ile. "Niliona dalili, nikasimama. Gari halikuguswa, wala mtu hakuguswa."

"Na siku ambayo hutaona dalili?"

Hapo alinipata. Lilikuwa swali la haki, na nilikuwa nimejiuliza mwenyewe kabla yake. Asubuhi naendesha vizuri kuliko vijana wengi wa mji huu. Lakini nikitoka kwenye mashine mwili huwa kama nguo iliyokamuliwa. Nilikuwa tayari kukubali hilo. Nisichokuwa tayari kukubali ni kwamba kwa sababu ya saa zile chache za jioni, nipokonywe siku zote zilizobaki. Nilifungua mdomo niseme hivyo, mume wangu akanitangulia.

"Nitaendesha mimi," akasema.

Shemeji alimtazama, kisha akacheka, kicheko cha kweli, cha mtu asiyeweza kujizuia. "Asi! Wewe? Wewe unayekaa nyuma kama chifu?"

"Mimi."

"Na umri huu?"

"Na umri huu huu."

Alisema hivyo kwa sauti ile ile anayowaambia wazazi kwamba sare itakuwa tayari Jumatatu. Shemeji aliacha kucheka. Aliondoka kabla ya giza, akiwa ametikisa kichwa mara nyingi, na kwangu akasema tu, "Mungu awasaidie."

"Atatusaidia," nikasema. "Lakini kwanza tutafute uwanja."

Mume wangu alijiandikisha kwenye shule ya udereva mjini, akapata kibali cha kujifunza. Lakini kule walikuwa wengi na gari moja, kwa hiyo Jumamosi nilimpeleka kwenye uwanja wa mpira wa shule yetu, baada ya kufukuza mbuzi. Alikaa kwenye kiti cha dereva kama mtu aliyekalia kiti cha askofu kwa makosa. Alikaa hivyo kwa muda mrefu, gari limezimwa.

"Nini?" nikamuuliza.

"Nikishika hii kitu," akasema, "nasikia harufu ya maembe."

Miaka yote ya ndoa hakuwa amenieleza hivyo. Nikanyoosha mkono wangu mzima nikateremsha dirisha la upande wangu. "Teremsha na lako," nikamwambia. "Ipite."

Akateremsha. Tukawasha.

Gari liliruka kama chura, likazima. Likaruka, likazima. Mimi si mwalimu mpole kama watu wanavyodhani walimu wa watoto wadogo walivyo. Jua lilikuwa kali, kikombe changu cha maji cha siku nilikuwa nimekimaliza, na nilikuwa nanyonya kipande cha barafu ambacho binti yangu alinifungia kwenye chupa ya chai. Nilipiga kelele. "Achilia klachi pole pole! Pole pole, Baba! Hiyo si cherehani!"

Akanigeukia. Nilidhani amekasirika. "Wewe unajua cherehani inaanzaje?" akauliza. "Unajua mguu unafanya nini?"

"Sijui."

"Unakanyaga kwa ncha, unasikia mkanda ukishika, ndiyo unaacha kitambaa kiende. Ukiharakisha, uzi unakatika." Kisha akainama, akavua viatu, akavua na soksi, akaziweka vizuri juu ya dashibodi. Akakanyaga klachi kwa mguu mtupu, akaachilia taratibu mno, kichwa amekiinamisha kama anayesikiliza, na gari likaondoka bila kutikisika, likavuka uwanja mzima. Langoni mwa upande wa pili nusura tufunge bao, maana breki aliikumbuka mwisho.

Kando ya ua walikuwa wamesimama wanawake wawili wa mtaa wakitutazama. Mmoja akasema kwa sauti ili nisikie, "Siku hizi mwanaume anafundishwa na bibi yake!"

"Mlete na wako," nikamjibu. "Nafasi iko."

Hakumleta. Sisi tuliendelea Jumamosi baada ya Jumamosi. Klachi iliungua, fundi akaibadilisha huku akininung'unikia kwamba tunaua mnyama mzee. Tuligombana, tukanuniana, tukala pamoja. Kuna Jumamosi nilizoshindwa kuinuka, miguu imevimba, na siku hizo alikwenda uwanjani na binti yetu amekaa kando yake, akimkumbusha kutazama vioo. Mtihani alianguka mara ya kwanza. Mara ya pili akapita, akarudi nyumbani, akaiweka leseni ya muda mezani kando ya sahani yangu, akaanza kula.

Ijumaa iliyofuata alifunga duka mapema, akaja hospitalini. Nilitoka nimefungwa bandeji mkononi, nikamkuta ameketi kwenye kiti cha dereva, miguu mitupu, viatu nyuma. Nilizunguka gari langu mwenyewe nikaingia upande wa abiria. Nje ya uwanja wa mpira, sikuwahi kukaa hapo. Dunia huonekana tofauti kutoka upande huo. Kila kitu kinakujia na huna la kukifanyia.

Karibu na soko magari yalikuwa yamesongamana. Tulisimama, tukasogea, tukasimama. Nikaona mshale wa joto ukipanda. Kabla sijasema, moshi mweupe ukafuka kwenye boneti, naye akashtuka, gari likazima katikati ya barabara.

Honi zikaanza. Mume wangu alishika usukani kwa mikono miwili, akaganda. Nilimwona jasho likimtiririka shingoni, na nikajua alikuwa amerudi kwenye ile kona ya zamani. Mtu mmoja wa pikapu nyuma yetu akatoa kichwa dirishani. "Mzee, toa hiyo takataka!" Mwingine, anayenifahamu sura, akaja mpaka dirishani kwangu. "Madam, si uingie wewe uitoe? Huyu hajui."

Nilikuwa sina nguvu ya kusimama, lakini ya kusema nilikuwa nayo. "Dereva ni yeye," nikamwambia. "Kama una haraka, ruka juu."

Kisha nikamgeukia mume wangu. "Baba. Weka gia huru. Hawa wa mikokoteni watatusukuma. Wewe pindisha usukani tu."

Aliweka gia huru. Wanaume wawili wa mikokoteni wakatusukuma hadi pembeni, mbele ya duka la mbegu. Akatoka, akafungua boneti, akanyoosha mkono kuelekea kifuniko cha redieta.

"Usiguse! Itakuchoma uso! Acha ipoe."

Tukangoja ipoe. Nilikuwa nimelaza kiti changu nyuma, natazama dari ya gari, nahisi moyo ukipiga ndani ya ule mshipa wa mkono. Ilipopoa nilimwelekeza kwa mdomo. Atazame paipu ya juu ya redieta. Akaona ufa. Nyuma, chini ya jeki, kuna kipande cha chubu, mpira wa ndani wa gurudumu kuukuu, nilichokata kwa siku kama hii. Akauleta. Hapo sikuhitaji kumwelekeza tena. Aliuvuta na kuuzungusha, kila mzunguko ukilalia nusu ya ule uliotangulia, bila mkunjo, akaufunga fundo la kishonaji ambalo hata fundi wa gereji baadaye alipata shida kulifungua. Akamimina maji. Kifuniko nikamwambia asikikaze mpaka mwisho, ili paipu isibebe nguvu kubwa. Akawasha. Likawaka.

Tulipanda Mumbuni kwa gia ya pili, taratibu, tukipitwa na kila mtu. Langoni alizima injini, akavuta breki ya mkono, akakaa. Kisha akafungua mlango, akaenda penye ua akatapika. Aliporudi aliufungua mlango wangu, akanishika mkono wa kulia, akaniinua.

Binti yetu alitoka mbio. "Nani ameendesha?"

"Baba yako," nikasema, nikalia pale pale langoni. Sikulia kwa huzuni. Watu walikuwa wamekwisha kunigawia kona ya kufia, na mimi nilikuwa nimerudi nyumbani kwangu, kwa gari langu, kwa mguu wa mtu aliyeogopa kuliko sote.

Miezi ikapita. Baada ya mvua kupungua tulikwenda Wamunyu, Jumapili, mume wangu akiendesha njia nzima. Shemeji alikuwa ameketi chini ya kibanda cha mabati akipiga msasa shingo ya twiga wa mbao. Alimwona mdogo wake akishuka kwenye kiti cha dereva. Akaweka twiga chini. Akalizunguka gari zima, akaweka kiganja kwenye boneti kama anavyopima gogo.

"Ni wewe umeleta hii gari hadi hapa?"

"Ni mimi."

"Kutoka Machakos?"

"Kutoka Machakos."

Akanigeukia. "Na wewe, unaendelea aje?"

"Bado nakwenda Jumanne na Ijumaa," nikamjibu. "Sijapona, shemeji, na sijui kama nitapona. Lakini nafundisha. Na sijapumzika."

"Naona," akasema. Halafu, kwa sauti ya chini zaidi, "Nilisema vibaya siku ile."

"Ulisema kwa kuogopa."

"Bado naogopa."

"Ogopa tu," nikamwambia. "Sisi tutaendelea."

Tulikula. Mke wake alikuwa amechemsha mboga zangu mara mbili bila kukumbushwa, akaniwekea mbele bila kunionea huruma, na hilo lilinifurahisha kuliko chakula chenyewe. Ndugu wawili walitoka nje wakazungumza juu ya mbao na bei ya kitambaa cha kijani cha sare mpya na sijui nini tena; walicheka sana.

Wakati wa kuondoka nilimnyooshea mume wangu kiganja, akanipa ufunguo. Shemeji, aliyekuwa amekwisha kushika lango, akasimama.

"Si mlisema dereva ni yeye?"

"Ijumaa jioni ni yeye," nikasema. "Leo ni Jumapili, nimelala vizuri, na nguvu ninazo."

Alinitazama, akautazama ufunguo. Kisha akavuta lango likafunguka mpaka mwisho, nami nikaweka gia ya kwanza kwa mkono wa kushoto, nikatazama kulia na kushoto, tukaingia barabarani.